Dada Ophelia, Fungasha: Sababu 10 za Kuondoka Elsinore

Kila mtu anamhurumia Ophelia. Wachoraji wamemhurumia, watunzi wa muziki wamemhurumia, walimu wa fasihi wamemhurumia hadi kengele ya mapumziko ikalia. Huruma hiyo ya miaka 400 na ushee imemfaa nini? Mimi ningemtafutia mtu mmoja tu mwenye farasi wawili, amgongee dirisha usiku wa manane na kumwambia: dada, fungasha, twende.

Kwa waliosahau mkasa: William Shakespeare aliiandika Hamlet kati ya mwaka 1599 na 1601 hivi. Mfalme wa Denmark amefariki, mdogo wake Claudius amekalia kiti na kumwoa mjane, Malkia Gertrude, haraka kiasi kwamba, kwa kejeli ya Hamlet, viporo vya matanga ndivyo vilivyoliwa harusini. Hamlet, mwana wa marehemu, anatokewa na mzimu wa baba yake, anaambiwa muuaji ni huyo huyo ami yake, kisha anatumia karibu saa nne za jukwaani kuamua afanye nini. Katikati ya ugomvi huo wa wanaume, ndani ya kasri la Elsinore, kuna binti wa mshauri mkuu wa mfalme, amekaa zake anashona. Hamlet amepewa mistari zaidi ya 1,400. Binti huyu hafikishi 200, na anatokea kuzungumza katika maonyesho matano tu.

Tunahesabu kutoka 10 kushuka hadi 1, kutoka kero hadi msiba. Sharti ni kwamba kila sababu itoke ndani ya tamthilia yenyewe. Umbea wa nje hauruhusiwi, ila pale utakaponishinda.

10. Mashairi yake ni mabovu, na anajua

Hamlet ni mtu ambaye akibaki peke yake husema maneno yaliyokaririwa dunia nzima. Mpe kalamu amwandikie mpenzi wake, anageuka mvulana wa kidato cha pili. Barua inaanza kwa kumwita Ophelia sanamu inayoabudiwa na roho yake, unafuata ubeti mfupi wa nyota na jua, halafu mwandishi mwenyewe anaomba radhi kwamba mizani imemshinda. Angalau ni mkweli. Malenga wa Lamu angefika hapo akairudisha barua pamoja na nauli ya aliyeileta.

Lakini ubaya wa barua hauko kwenye mizani. Tunaisikia kwa sauti ya Polonius, baba yake Ophelia, akimsomea mfalme na malkia. Anaisoma neno kwa neno na katikati anasita kukosoa msamiati. Yaani barua yako ya mapenzi mzee kaipiga picha, kaitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake kaandika: "Hili neno sijalipenda." Na aliyemkabidhi barua hiyo ni Ophelia mwenyewe, kwa sababu ya utii. Neno hilo la utii mtalizoea.

9. Ni mwanafunzi, bado

Hamlet anasoma Wittenberg, Ujerumani, na jambo la kwanza analoomba ni kurudi chuoni. Hatumlaumu, elimu haina mwisho. Ila kwenye sehemu ya tano mchimba kaburi anatuambia alianza kazi siku aliyozaliwa Hamlet, na kwamba ameifanya kazi hiyo miaka 30. Hesabu fanyeni wenyewe.

Katika chapa ya kwanza, ile fupi na yenye vurugu ya mwaka 1603, fuvu la Yorick, mchekeshaji aliyembeba Hamlet utotoni, limekaa ardhini miaka 12 badala ya 23, na Hamlet papo hapo anakuwa kijana. Napenda kuamini kuna mtu aliona aibu kwa niaba yake.

8. Kaka mtu

Laertes anasafiri kwenda Ufaransa. Mizigo imeshapanda melini, upepo ni mzuri, wanamsubiri yeye tu. Nafasi ya kumhutubia dada yake, hata hivyo, haikosekani: Hamlet ni mwana wa mfalme, hachagui mke kwa moyo, anachaguliwa na dola, anachokuambia leo ni ua la msimu, litanukia asubuhi na kunyauka jioni, jitunze, ogopa, kaa mbali. Anaongea mistari zaidi ya 30 bila kuvuta pumzi.

Ophelia anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamjibu kwa adabu zote: sawa kaka, nimekusikia, ila nawe usije ukawa kama wale wachungaji wanaonionyesha njia ya miiba iendayo mbinguni ilhali wao wamejiendea kwenye bustani. Laertes ghafla anakumbuka kwamba amechelewa meli.

Ishikeni hiyo, kwa sababu ndiyo mara pekee akiwa na akili zake timamu tunapomwona Ophelia akirusha dongo. Analirusha likapiga penyewe. Baadaye baba yao anamtuma mtumishi hadi Paris kumpeleleza Laertes, tena kwa ruhusa ya kumzushia kamari na ulevi ili watu wafunguke. Kumbe binti alijua asemalo.

7. Baba mtu

Polonius anampiga marufuku binti yake kuonana na Hamlet. Hiyo peke yake ingekuwa ukali wa kawaida wa mzee mwenye binti. Tatizo ni kwamba baadaye, alipogundua kwamba mapenzi hayo yanaweza kumfaa kwa mfalme, marufuku ile ile anaigeuza mtego. Anaahidi kumfungulia Hamlet binti yake kama mfugaji anayefungulia mfugo, kisha yeye na mfalme wajibanze nyuma ya pazia waone. Anamsimamisha ukumbini, anampa kitabu cha sala ajifanye anasoma, na anamwelekeza uso aweke vipi.

Wanaoikumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wanajua kwamba Portia naye alifungwa na masharti ya baba kuhusu ndoa. Lakini baba yake Portia alikuwa na busara ya kufariki kabla tamthilia haijaanza.

6. Haijui hodi

Ophelia yuko chumbani anashona. Mlango unafunguka. Hamlet anaingia, koti halina kifungo kilichofungwa, kichwa hakina kofia, soksi ndefu zimechafuka na kumwangukia vifundoni, uso mweupe sawa na shati lake. Anamkamata kifundo cha mkono. Anarudi nyuma hatua ya urefu wa mkono, anamkodolea macho kama anayetaka kumchora. Anamtikisa mkono kidogo, anatikisa kichwa mara tatu, anashusha pumzi ambayo Ophelia alidhani ndiyo ya mwisho, halafu anatoka akiwa bado amegeuza shingo kumtazama. Njia ya mlangoni anaipata bila kuiangalia. Hasemi neno hata moja.

Mtu mwenye mistari 1,400! Anahutubia mafuvu, anahutubia waigizaji wa kutembea, anahutubia hadi dari. Kwa mpenzi wake siku hiyo maneno yamemwishia.

Sisi watazamaji tukio hilo hatulioni. Tunasimuliwa na Ophelia, ambaye amekimbilia kwa baba akitetemeka. Na baba anauliza nini? Hamuulizi kama ameumia. Anauliza kama hivi karibuni alimjibu Hamlet kwa ukali. Hapana, anasema binti, nilifanya ulivyoniagiza: nikazirudisha barua zake, nikamkatalia kuja kwangu. Basi hilo ndilo lililomtia wazimu, anasema mzee, na anashika njia kwenda kumpasha habari mfalme.

5. Siku ya kurudisha zawadi

Hapa naomba tuketi.

Huu ndio mtego wenyewe. Ophelia yuko ukumbini na kitabu chake cha sala, mfalme na Polonius wako nyuma ya pazia, Hamlet anaingia. Wengine wote wangeanza na "hujambo". Ophelia anaanza hivyo hivyo, kumbe ana fungu la zawadi mkononi: chukua vitu vyako, nimetamani muda mrefu kukurudishia. Hamlet anajibu kwamba hajawahi kumpa kitu. Punde anakiri kwamba wakati fulani alimpenda. Kabla hajameza mate anasema hakuwahi kumpenda, na kwamba Ophelia hakupaswa kumwamini. Ndani ya dakika chache mwanamume mmoja ametoa kauli tatu zinazopigana, na kila moja kaitoa akiwa na uso mkavu. Kisha anamwamuru aende akafungiwe utawani, azae nini, azidishe wenye dhambi duniani?

Ophelia anamjibu kwa sentensi fupi fupi, zile za mtu anayejua kwamba anasikilizwa na watu wawili zaidi. Ndipo Hamlet anauliza swali ambalo wataalamu hawajaacha kuligombania: baba yako yuko wapi? Yuko nyumbani, anasema Ophelia. Ni uongo, na ndio uongo wake mmoja katika tamthilia yote. John Dover Wilson aliandika kitabu kizima mwaka 1935, na ndani yake akashikilia kwamba Hamlet alishausikia mpango huo mapema, kwa hiyo aliingia akijua. Waongozaji wengine humfanya aone ncha ya kiatu chini ya pazia saa hiyo hiyo. Mimi sichagui upande. Kama alijua, alikuwa anamtukana binti aliyeshikiwa kisu na baba yake. Kama hakujua, alikuwa anamtukana bure.

Baada ya Hamlet kutoka kwa kishindo, Ophelia anapata nafasi ya kuzungumza peke yake, ya kwanza na ya mwisho akiwa mzima. Anamlilia nani? Anamlilia Hamlet: akili ile, ushujaa ule, tumaini lile la nchi, vyote vimevurugika. Kuhusu yeye mwenyewe anapitisha sentensi moja tu.

Halafu wazee wanatoka mafichoni. Mfalme anajadili usalama wa dola. Polonius anamgeukia binti yake, aliyesimama hapo na zawadi zimetapakaa, na kumwambia hana haja ya kuwasimulia alichosema Bwana Hamlet. Wamesikia yote. Kisha anaendelea na mfalme.

Nimeona jukwaani waigizaji wakimpa Polonius hapo mguso mdogo wa mkono, bega la kuegemea, kitu. Ni wema wa waigizaji. Kwenye maandishi hakuna.

4. Matusi hadharani

Jioni ya siku hiyo hiyo kuna maonyesho kasrini. Malkia anamwita mwanawe akae karibu naye, yeye anakataa, anakwenda kulala miguuni pa Ophelia na kuanza utani wa mapajani mbele ya baraza zima. Asubuhi utawani, jioni mapajani. Ophelia anamjibu "bwana wangu una furaha leo" na mengine ya aina hiyo, yale ambayo kila mwanamke amewahi kumjibu mlevi ndani ya basi.

3. Alimuua baba yake

Tungeweza kuishia hapa na kila mtu akaelewa.

Ila utaratibu wake ndio unaotisha. Polonius amejificha tena nyuma ya pazia, safari hii chumbani kwa malkia (mtu hafi kwa kosa alilolifanya mara moja), na Hamlet anamchoma upanga akidhani ni mfalme. Kisha anamhutubia mama yake kwa muda mrefu kuhusu maadili, maiti ikiwa sakafuni. Kisha anaiburuta nje. Kisha anaificha, na wanapomuuliza iko wapi anawatania kuhusu minyoo. Polonius anazikwa haraka haraka bila heshima za cheo chake, Hamlet anasafirishwa Uingereza, na katika mambo yote hayo jina la Ophelia halimtoki mdomoni hata mara moja. Hakuna anayeonyeshwa akimpelekea binti habari ya msiba. Kaka yuko Ufaransa.

Pitieni zile hotuba maarufu anazozungumza peke yake. Anamzungumzia baba, mama, ami, waigizaji, jeshi la Norway. Ophelia anatajwa kwenye moja tu kati ya hizo, tena mwishoni, kwa sababu amemwona anakuja.

Hapa hesabu isimame kidogo, kwa kuwa kinachofuata hakihesabiki. Ophelia anarudi jukwaani amerukwa na akili. Anaimba. Anaimba nyimbo za maziko, anaimba wimbo wa msichana aliyeingia chumbani kwa mwanamume siku ya Valentino na kutoka akiwa ameponzwa, na anauimba mbele ya mfalme, ambaye mara moja anaamua kwamba chanzo ni kifo cha baba. Katika ile chapa ya 1603 anaingia na kinanda cha nyuzi mkononi, nywele zimetimka. Anagawa maua na majani: rozimari ya kumbukumbu, shamari ya kujipendekeza, mmea mchungu wa toba, na kwa habari ya maua ya zambarau anasema yalinyauka yote siku baba alipokufa. Nani kapewa lipi, Shakespeare hakuandika. Kila kundi la waigizaji linaamua lenyewe nani anastahili ua la msaliti, na hapo ndipo utajua mwongozaji wako anamchukia Claudius au Gertrude.

Angalieni jambo hili. Akiwa mzima, Ophelia alikuwa akijibu tu: ndiyo baba, hapana bwana wangu, sijui niwaze nini. Sasa anaingia bila kuitwa, anachagua wimbo, anamkatiza malkia, anamwambia mfalme neno la kashfa usoni, na mfalme analazimika kusikiliza. Mtu mwenye mamlaka makubwa kuliko wote Denmark anakosa la kusema. Ilimgharimu Ophelia akili yake yote kupata dakika hizo.

(Umbea umenishinda.) Mwaka 1827 mwigizaji wa Ireland aitwaye Harriet Smithson aliigiza sehemu hii Paris, katika ukumbi wa Odéon, kwa Kiingereza. Ukumbini alikuwemo kijana mtunzi wa muziki, Hector Berlioz, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Hakuelewa mengi, akapenda kufa. Alimtungia simfonia ya kichaa, Symphonie fantastique ya 1830, akamng'ang'ania hadi wakaoana mwaka 1833. Ndoa ilivunjika. Wanawake wa Paris nao walikuwa wameshaiga mtindo wa nywele zake za wazimu, kwa hiyo angalau saluni zilifaidika.

2. Alipofika kaburini ndipo akakumbuka kupenda

Ophelia anakufa maji nje ya jukwaa. Gertrude ndiye anayeleta habari, na anaileta kwa maelezo marefu mazuri mno: tawi la mti lililoinamia kijito, mashada ya maua na upupu, tawi likivunjika, nguo zikimwelesha juu kwa muda, nyimbo za zamani mdomoni mwake, kisha nguo zikalowa na kumvuta chini. Kila mwanafunzi mwenye masikio huuliza swali lile lile, na ni swali zuri: aliyeyaona yote hayo alikuwa amesimama wapi, na mikono yake ilikuwa na kazi gani?

Mchoraji John Everett Millais aliligandisha tukio hilo mwaka 1851 na 1852. Picha iko Tate Britain, London. Aliyelala majini ni mwanamitindo Elizabeth Siddal, aliyelazwa ndani ya beseni la kuogea wakati wa baridi, maji yakipashwa na taa zilizowekwa chini. Taa zilizimika. Millais hakuona, alikuwa anachora. Siddal hakusema, alikuwa ni Ophelia. Akaugua, na baba yake akamdai mchoraji pauni 50. Kati ya watu wote waliowahi kumzunguka Ophelia, wa kweli na wa kubuni, huyo mzee ndiye baba pekee aliyelipuka kwa sababu inayofaa.

Shakespeare huenda alikuwa na kifo cha jirani kichwani. Desemba 1579, Shakespeare akiwa na umri wa miaka 15, msichana mmoja alikufa maji katika mto Avon huko Tiddington, karibu kabisa na Stratford. Uchunguzi uliamua kwamba aliteleza akiteka maji. Jina lake lilikuwa Katherine Hamlet.

Kwa Ophelia uamuzi ni wa shingo upande. Wachimba kaburi wawili wanabishana kama anastahili mazishi ya Kikristo, na mmoja anapanga hoja kisheria: kama maji yamemfuata mtu, hakujiua, kama mtu ameyafuata maji, hapo ni kesi. Watazamaji wenye kusoma sheria huenda walicheka, maana mawakili wa London walikuwa wamewahi kubishana hivyo hivyo kuhusu Jaji James Hales, aliyejizamisha mwaka 1554, ili ijulikane nani arithi ardhi yake. Padri anafupisha ibada na kusema hata hiyo ni hisani. Laertes anafoka, anaruka kaburini kumkumbatia dada yake kwa mara ya mwisho.

Na hapo ndipo anapotokea mwenzetu. Ametoka safarini, alikuwa kando anaongea na fuvu. Anasikia kwamba marehemu ni Ophelia, anajitokeza, na badala ya kulia anaingia mashindanoni: alimpenda, ndugu 40,000 kwa upendo wao wote hawafikii jumla yake. Laertes anataka kulia? Yeye atalia zaidi. Atafunga, atajirarua, atakunywa siki, atamla mamba. Wanakamatana shingo juu ya maiti ya mtu ambaye alipokuwa hai hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza anataka nini.

Mamba wa nini sasa? Binti alihitaji barua. Hata ile mbovu ingetosha.

Baadaye, kabla ya pambano la mwisho, Hamlet anamwomba Laertes msamaha kwa yote na kuusingizia wazimu. Ophelia hatajwi. Sumu ikishamwingia anamsihi rafiki yake Horatio abaki hai aisimulie hadithi yake, na anatumia pumzi ya mwisho kumpigia kura Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norway, arithi kiti cha Denmark. Norway ikakumbukwa.

1. Mama mkwe alishakubali

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko hata upanga.

Turudi mwanzo. Marufuku yote ya Laertes na Polonius yalijengwa juu ya hoja moja: yule ni mwana wa mfalme, hawezi kukuoa, nyota yake iko mbali na yako. Kutokana na hoja hiyo barua zikarudishwa, mlango ukafungwa, mtego ukategwa, zawadi zikatupwa, baba akazoea kujificha nyuma ya mapazia hadi likamuua moja. Mlolongo wote unaanzia hapo.

Sasa nendeni makaburini. Kabla Laertes hajaruka, Malkia Gertrude anasogea na kumwaga maua, na kumwambia marehemu kwamba alitumaini angekuwa mke wa Hamlet wake. Alidhani maua hayo angeyatandika kwenye kitanda cha harusi.

Alitumaini! Mama wa bwana harusi, malkia wa nchi, alikuwa tayari. Zile familia mbili ziliishi ndani ya kasri moja. Mshenga hakuhitaji hata viatu, angekatiza ukumbi tu na kuuliza. Katika nyumba iliyojaa wapelelezi, wasoma barua za watu na watega masikio, swali pekee lenye maana halikupata mtu wa kulibeba.

Na si kwamba Gertrude alilificha hadi kaburini. Alikwishagusia, mbele ya Ophelia mwenyewe, siku ile ya zawadi, dakika chache kabla Hamlet hajaingia. Mfalme alikuwa amemwomba mkewe awapishe, naye akajibu kwamba anatii. Akiwa anaondoka akamgeukia binti na kumwambia anaomba uzuri wake uwe ndio chanzo cha wazimu wa Hamlet, na tabia yake njema ndiyo imrudishe kijana katika hali yake, kwa heshima yao wote wawili. Ophelia akajibu: malkia, natamani iwe hivyo.

Malkia akatoka. Polonius akampa binti kitabu cha sala, akamwonyesha mahali pa kusimama, na wanaume wakaenda kujificha.